Kijitabu cha Mwaka Themanini na Moja

Mandawa, 21 Aprili 2024

Shangazi yangu Faudhia,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila Samia anatoka meno mawili ya chini kwa pamoja, kwa hiyo nyumba nzima tunaota meno. Idi tulichinja kuku mmoja, Rahimu akasema huyo kuku ni mwembamba kuliko yeye. Mama yuko Likunja kwa bibi, anakusalimia sana. Simsim imesimama vizuri, ila mvua zimeikata barabara vipande vipande.

Nimeamua kuandika kwa sababu nikikupigia simu unasema tu "nani?" na "sikusikii", mpaka majirani wote wanajua habari zangu na wewe bado hujazijua.

Shangazi, yule Kaimu, kondakta wa gari la Nachingwea, kaniambia kitu. Anasema kila Jumamosi baada ya alasiri mnakaa watu wazima barazani kwa Abdala fundi cherehani, mnasoma vitabu, mnacheka, na siku nyingine mnagombana. Nikamuuliza, "Wanasomea mtihani gani?" Akasema, "Hakuna mtihani, wanasoma tu." Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Tangu niache shule kidato cha pili, baba alipoanza kuugua, sijasoma kitu mwanzo mpaka mwisho isipokuwa kadi ya kliniki ya mtoto. Lakini kusoma nilikuwa napenda, wewe unajua.

Naomba na mimi niwe mmoja wenu. Sanduku la bati la baba lipo, lina vitabu, mchwa hawajaufikia mfuniko. Niambie mnasomaje.

Na nisamehe kwa hili. Siku ya msiba wa baba ulikuja ukaondoka jua bado liko juu, hata shambani hukukanyaga. Tulikukosea nini?

Mwanao,
Munira


Nachingwea, 6 Mei 2024

Mwanangu Munira,

Marahaba. Barua yako imenifikia imekunjwa mara nne, inanuka samaki wa kukaanga, kwa hiyo najua ilikaa mfuko gani wa Kaimu. Mpe Samia kipande cha muhogo mbichi atafune, fizi zitapoa. Mimi sijambo. Miguu ni ya mwalimu mstaafu, masikio ndiyo hayo.

Tuko wanne: mimi, Abdala, Beatrisi ambaye alikuwa nesi, na Bashiri wa duka la mbegu. Kila mwaka tunaandika miaka kwenye vikaratasi, tunavitia kwenye bakuli, mmoja wetu anaokota. Mwaka jana tulipata 1968. Mwaka huu Beatrisi kaokota 1981. Basi mpaka Desemba tunasoma vitabu vilivyochapwa 1981 tu, vya aina yoyote: hadithi, dini, hesabu, hata cha kufundisha kushona. Hatununui. Tunachokora majumbani.

Utauliza faida yake. Ukisoma vitabu vya mwaka mmoja, vinaanza kusemezana kama majirani. Hiki kinalalamika hakuna sabuni, kile kinafundisha kuitengeneza. Wala walioviandika hawakujuana.

Kanuni zetu ni mbili. Asiye na kitabu cha mwaka wetu hana nafasi mkekani, hata awe mtoto wa kaka yangu. Na kila kitabu kipya tunahesabu karatasi zake mbele ya wote. Kikipungua hata moja hakisomwi mpaka mwenyewe aeleze.

Fungua hilo sanduku.

Shangazi yako,
Faudhia


Mandawa, 2 Juni 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Muhogo umesaidia, meno yametoka, sasa tatizo ni kwamba anauma. Rahimu kaumwa kidole akasema huyu si mtoto, ni mamba wa Mbwemkuru. Tumeanza kukata simsim.

Nimefungua sanduku. Shangazi, kumbe mwaka wa kitabu ni kitu kigumu hivi! Nilidhani kila kitabu kina mwaka wake kama mtu. Cha kwanza nikaona kimeandikwa kimechapwa mara ya kwanza 1974, chini yake kimechapwa tena 1977, chini yake tena 1981. Sasa hicho ni cha lini? Kingine hakina mwaka kabisa, kina jina la baba tu na "darasa la VII". Kingine kina muhuri wa 1981 lakini ni wa maktaba ya shule, naogopa baba alisahau kukirudisha. Nimekaa chini na vitabu kumi na moja vimenizunguka, Samia katikati, kila mmoja wetu anashika chake anakigeuza juu chini. Hata mimi mwenyewe cheti changu kinasema 2003 na mama anasema 2002, kwa hiyo nani ataniamini kwenye habari ya miaka?

Nijibu upesi, nataka hiyo nafasi. Nikiosha vyombo naiwaza.

Swali langu la msiba hukulijibu. Labda karatasi ilijaa.

Munira


Nachingwea, 17 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba, na Idi njema, leo tumechinja. Nimewasomea wenzangu barua yako wakacheka mpaka Abdala akashona mkono wa shati kinyume. Hukumu yake ni hii: "Mtu akibadilisha shati hazaliwi upya." Kwa hiyo kilichochapwa mara ya kwanza 1974 ni cha 1974. Cha maktaba ya shule kirudishe shuleni.

Lakini angalia chini kabisa. Kuna kijitabu chembamba, jalada la kijani, cha kufundisha kulima mikorosho. Mimi ndiye niliyempa baba yako. Nilikipata kwenye maonyesho ya wakulima mwaka wetu huohuo wa 1981, nikiwa mwanafunzi. Kama bado kipo, kilete. Bashiri anasema atakipenda kuliko hadithi zetu zote.

Karatasi hii nayo imejaa.

Faudhia


Mandawa, 30 Juni 2024

(Hii haikutumwa wakati huo.)

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia lakini sijui kama nitampa Kaimu.

Kijitabu cha kijani kipo. Kimechapwa 1981, mara moja tu, hakijabadilisha shati. Nilifurahi nikampigia makofi Samia. Nikaanza kukisoma ili nikija nisiwe mjinga mbele ya watu. Ukurasa wa kumi na saba unafundisha nafasi kati ya mche na mche, na pembeni kuna mwandiko wa baba, kwa wino. Umeandikwa hivi:

"Mistari mitano ya juu, toka kichuguuni mpaka njia ya kisimani, kapanda Faudhia peke yake, mimi naumwa. Mikorosho hiyo ni yake. Saadi, 12/12/81."

Shangazi, mikorosho ya chini ilikauka yote kwa ugonjwa. Tunaishi kwa hiyo mistari mitano. Na huku kwetu kila mtu anajua kwamba ardhi inaweza kuwa ya ukoo lakini mti ni wa aliyepanda. Baba alituambia siku zote kwamba kapanda yeye, mche kwa mche, na mgongo wake ukaharibika hapo.

Nikamwonyesha Rahimu. Akasoma, akakaa juu ya kinu.

"Kiwashie moto," akasema.

"Ni kitabu cha Shangazi."

"Ndiyo maana. Mimi nimeoa huku, Mama Samia. Tukiambiwa tutoke mimi natoka na jembe langu na shati. Wewe na mtoto ndio mtakaokosa."

"Shangazi si mtu wa hivyo."

"Kama si mtu wa hivyo, miaka yote ya dunia hii, kwa nini mkachagua themanini na moja?"

"Kaokota Beatrisi, kwenye bakuli."

"Ulimwona akiokota?"

Sikumwona. Ndiyo maana nimechanganyikiwa. Unataka kitabu au unataka mikorosho? Kwa nini umekitaja kwa jalada lake? Na mimi nataka kuja kwenye huo mkeka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na tiketi yangu ndiyo hii inayosema tunapokaa si kwetu.


Mandawa, 14 Julai 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Huku wazima. Samia kasimama mwenyewe, tumehesabu moja mbili akakaa. Rahimu anapuliza mikorosho dawa ya salfa, anarudi mweupe kama chokaa mtoto anamkimbia. Mama kaja siku tatu karudi Likunja. Kuku wawili wamechukuliwa na kicheche. Baridi ya asubuhi imezidi mwaka huu.

Kijitabu hicho hapo, nimempa Kaimu nimekifunga kwenye kipande cha kanga. Ni cha zamani sana, na sanduku lina panya.

Wasalimie wenzako. Waambie nangoja.

Munira


Nachingwea, 18 Agosti 2024

Munira,

Marahaba. Hongera kwa miguu ya Samia.

Jana kijitabu chako kilipata zamu yake. Beatrisi alihesabu karatasi kama anavyohesabu vidonge, kwa ncha ya kidole. Baada ya ukurasa wa 16 ukaja wa 19. Akahesabu tena. Abdala akasema, "Panya." Beatrisi akakiinua kwenye mwanga akasema, "Panya wa Mandawa anatumia rula?" Wakacheka. Bashiri alisikitika, maana ukurasa huo ndio wa nafasi za kupandia.

Mimi sikucheka. Kijitabu kimewekwa juu ya kabati la Abdala hakijasomwa.

Sikugombezi. Nakuuliza kwa kuwa kanuni ndiyo hiyo, na nafasi yako inangoja jibu. Ilikuwaje?

Faudhia


Mandawa, 1 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za kuku.

Nilichana mimi. Rahimu alitaka kukichoma chote, mimi nikasema hapana, Shangazi anakisubiri, nitatoa hiyo karatasi moja tu. Nikaweka rula ya baba nikachana taratibu, ili kisionekane kimeumizwa. Huyo Beatrisi ana macho.

Karatasi yenyewe nimeiweka humu ndani, pamoja na barua niliyokuandikia mwezi wa sita nikaificha kwenye daftari. Isome utajua niliogopa nini. Sijaichoma. Kila nikipika naitoa, nauangalia moto, naona mwandiko wa baba, naikunja tena. Kaka yako alikuwa na mwandiko mzuri, S yake kama shingo ya bata.

Shangazi, simwelewi baba. Mdomo wake umesema hivi maisha yangu yote na mkono wake umeandika vile. Nimweke wapi sasa? Na wewe pia sikuelewi, usikasirike. Umejua siku zote kwamba mikorosho ni yako? Kama umejua, mbona unaniuliza habari za meno ya mtoto? Na kama hukujua, basi nimekuonyesha mwenyewe, na huenda nimeitoa nyumba ya Samia kwa sababu ya kutaka kukaa mkekani na watu wanaosoma.

Rahimu hajui nimetuma. Nitamwambia gari la Kaimu likishaondoka.

Nafasi yangu, kama ipo, wape mtu mwingine. Lakini kitabu kisomeni. Sasa kimetimia.

Munira


Nachingwea, 29 Septemba 2024

Mwanangu Munira,

Marahaba. Nimechelewa, na safari hii kosa si la Kaimu. Nimeanza barua hii mara sita nikaichana, kwa hiyo wachanaji tumekuwa wawili.

Uliniuliza kuhusu msiba mara mbili nikasema karatasi imejaa. Haikuwa imejaa.

Desemba ile baba yako alilala na homa wiki mbili, miche iko tayari, mvua imefika. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilichimba na kupanda mistari mitano kwa mikono hii, kijitabu kimefunguliwa chini kimewekewa jiwe. Miaka miwili baadaye nilisema mbele ya wazee kwamba ile mistari ni yangu. Wakamuuliza Saadi. Akaapa kapanda mwenyewe. Mjomba wetu akaniambia, "Msichana wa shule kaanza kuota ndoto mchana," watu wakacheka. Nikaondoka Mandawa kwenda chuo cha ualimu na jina la mwongo. Aliyeniona napanda ni mama yetu peke yake, na mama hakufungua mdomo.

Tangu hapo watu wamenishauri sana. "Mwachie kaka yako." Nimwachie nini? Kwa hesabu yao sikuwa na kitu. Ndiyo maana siku ya msiba sikukanyaga shambani. Ningeingia kama nani?

Sikujua kwamba aliandika. Wallahi, Munira, sikujua. Mwaka aliuokota Beatrisi, na kijitabu nilikitaja kwa kuwa nilikikumbuka tu, kama mtu anavyokumbuka sahani ya kwao. Karatasi yako ilipofika niliisoma nimesimama mlangoni, Kaimu ananidai nimpe maji ya kunywa, nikamwambia "sikusikii".

Unauliza umweke wapi baba yako. Mimi pia bado natafuta. Alinikana kwa mdomo, mbele ya watu. Lakini alikaa na ukurasa ule miaka arobaini, ndani ya nyumba yenye moto kila siku, na hakuuchana. Wewe ulimaliza kwa dakika moja.

Jumamosi niliwasomea wenzangu. Nilipofika "peke yake", Abdala alisimamisha cherehani. Halafu niliwaomba kitu, wamekifanya, nacho kimo humu. Kisome polepole. Kinasema kwamba mimi Faudhia nilipanda mistari mitano ya mikorosho Mandawa mwaka 1981, ni mali yangu, na nimempa Munira binti Saadi na mwanawe Samia, kuanzia leo, hakuna wa kuwatoa. Abdala na Beatrisi wametia sahihi. Bashiri naye kalazimisha aandike, ingawa mashahidi wawili wangetosha.

Usije ukaniandikia kwamba hutaki. Kisicho chako huwezi kumpa mtu. Miaka yote hiyo sikuweza kutoa hata tawi la kuni. Sasa nimeweza, usininyime.

Rahimu mwambie ashuke kwenye kinu.

Na bado umechana kitabu. Hilo sijalisamehe. Utakuja mwenyewe uubandike huo ukurasa mbele ya mkeka, kisha uusome kwa sauti, pamoja na ya pembeni. Masikio yangu unayajua, kwa hiyo paza.

Shangazi yako,
Faudhia


Mandawa, 6 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena.

Nimesoma barua yako mara tatu nikampa Rahimu. Akasoma, akaniuliza, "Sasa huyu amekasirika au amefurahi?" Nikamwambia yote mawili. Akasema, "Basi ni ndugu yako kweli." Halafu akatoka, akaenda kufyeka chini ya mistari mitano mpaka akaimaliza. Korosho za kwanza zimeanza kudondoka.

Mimi bado kichwa changu hakijatulia. Niliogopa utachukua, kumbe ulikuwa umekosa cha kutoa. Nikikaa na Samia kule juu naangalia ile mikorosho, najiambia huu kapanda Shangazi, na huu, na huu, na naona kama nilikuwa naishi kwenye nyumba ambayo sijawahi kuambiwa nani kaijenga. Naona aibu, na furaha, na baba namwonea hasira na nimemkumbuka, vyote kwa pamoja. Nikijua jina la hali hiyo nitakuandikia. Labda kipo kitabu kinalijua, cha mwaka mwingine.

Jumamosi tarehe kumi na mbili napanda gari la Kaimu. Gundi nimepika ya unga wa muhogo, nimeiweka kwenye kopo. Samia namfunga mgongoni maana siku hizi naye anachana kila karatasi anayoiona, sijui kamrithi nani.

Nimefanya mazoezi ya kusoma ukurasa wa kumi na saba. Ya nafasi za miche nasoma bila kukwama. Ya pembeni ndiyo bado inanishinda katikati.

Kwa hiyo naomba mniahidi. Akilia Samia, mpokeeni. Nikilia mimi, msinipokee kitabu.

Mwanao,
Munira